Mikoba ya Marehemu: Queen, Cuban Marimba na Kiti cha Mwimbaji

Waswahili tuna msemo wa kurithi mikoba. Asili yake ni kwa waganga: mzee akifa, mkoba wake wa dawa humwendea mtoto au mwanafunzi aliyekuwa akimfuata porini, yule aliyeonyeshwa mzizi upi unachimbwa asubuhi na upi jioni. Siku hizi tunausema kwa kila jambo. Kocha akiondoka tunauliza nani atarithi mikoba yake. Mbunge akifariki, hivyo hivyo. Lakini yupo mtu mmoja ambaye mikoba yake inasumbua kuirithi, kwa sababu kilichomo ndani ni koo lake mwenyewe. Huyo ni mwimbaji kiongozi wa bendi.

Mpiga bezi akifa, hutafutwa mwingine anayezijua nyimbo, na wengi ukumbini wataendelea kucheza bila kugeuza shingo. Mpiga tumba, hali kadhalika. Sisemi kwamba kazi yao ni ndogo. Nasema mwimbaji akifa, hata mtoto anayepita nje ya ukumbi na chupa ya mafuta ya taa mkononi atajua kwamba kuna mtu hayupo.

Mimi naishi Maisaka, hapa Babati, na muziki wa dansi pamoja na roki ya Wazungu nimeupata zaidi kwa redio na kanda kuliko kwa macho. Pengine ndiyo maana swali hili linanishika. Anayesikiliza kwa redio hana jukwaa wala mavazi ya kumpumbaza. Ana sauti tu. Na kwa miaka mingi ya kusikiliza nimefikia imani moja: bendi inayofiwa na mwimbaji hujidanganya inapouliza "nani ana sauti kama ile?" Swali lenyewe hasa ni hili: nyimbo hizi ni za nani? Jibu lake ndilo huamua kama bendi itaishi, itakufa, au itabaki inapumua tu.

Mtoto wa Unguja

Tuanze na bendi inayojulikana dunia nzima, ambayo mwimbaji wake alizaliwa huku kwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa mdogo alipelekwa bweni India, kwenye shule iliyoko Panchgani, ambako alipiga piano katika kikundi cha wanafunzi. Alirudi Unguja akiwa kijana, kisha mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Mwaka 1970 akaungana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Mwaka uliofuata John Deacon akaingia na bezi lake. Bulsara akajiita Freddie Mercury, na bendi ikaitwa Queen.

Sisi wa huku bara wimbo wao tuliujua kwa miguu kabla ya kuujua kwa masikio. Kwenye michezo ya shule, mashabiki pembeni ya uwanja walikanyaga vumbi mara mbili na kupiga kofi moja, kanyaga-kanyaga-kofi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mdundo ule una mwenyewe. Mwenyewe ni Brian May. "We Will Rock You" ni wimbo wake. "Radio Ga Ga" ni wa Taylor, na "Another One Bites the Dust" ni wa Deacon, yule mkimya wa pembeni. Naomba msomaji wangu aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia: katika Queen wote wanne walikuwa watunzi, na kuanzia albamu ya mwaka 1989, The Miracle, nyimbo ziliandikishwa kwa jina la bendi nzima.

Lakini anayewekwa mbele ndiye anayeonekana. Tarehe 13 Julai 1985, Wembley, kwenye tamasha la Live Aid, Freddie alisimama peke yake mbele ya umati mkubwa, akatoa sauti bila maneno, na umati ukamjibu kama mkwe anayeitikia hodi. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Agosti 1986 huko Knebworth, akaimba na wenzake jukwaani kwa mara ya mwisho. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafariki. Alikuwa na miaka 45.

Jeneza halibebwi na mtu mmoja

Kilichofuata kina hekima ambayo mtu wa pwani ataitambua mara moja. Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake watatu waliandaa tamasha la kumkumbuka palepale Wembley. Hawakumtafuta mrithi. Waliwaita waimbaji wengi, na kila mmoja akapewa kipande chake: Elton John, David Bowie, Annie Lennox, Liza Minnelli na wengine. George Michael aliuimba "Somebody to Love" kwa namna ambayo hadi leo watu wanaulizana kwa nini hakuchukuliwa yeye moja kwa moja. Mimi naona waliuliza vibaya. Siku ile ilikuwa siku ya mazishi. Kwenye mazishi watu hupokezana jeneza. Unaweka bega, unatembea hatua chache, unampisha mwenzako. Aliyelibeba vizuri kuliko wengine hapewi nyumba ya marehemu.

Mwaka 1995 ikatoka albamu ya Made in Heaven, iliyojengwa juu ya sauti alizoziacha Freddie. Deacon akajiondoa kwenye muziki mwaka 1997 na hakurudi. Wakabaki wawili.

Wawili hao walikaa mpaka katikati ya miaka ya 2000 ndipo wakapanda jukwaani na Paul Rodgers. Huyu hakuwa kijana wa kuokotwa. Alikuwa ameshatamba na bendi za Free na Bad Company, ana nyimbo zake, ana sauti yake nzito ya bluzi, na hakujaribu hata siku moja kumwiga Freddie. Walijiita Queen + Paul Rodgers. Ile alama ya kujumlisha ni ndogo, lakini imebeba adabu nzima ya jambo hili. Inasema: huyu hajaingia ndani ya Queen, amesimama kando yake.

Walizunguka dunia, mwaka 2008 wakatoa albamu ya nyimbo mpya, The Cosmos Rocks, na mwaka 2009 wakaachana kwa amani. Albamu ile leo haitajwi sana. Kwa nini? Sauti ya Rodgers haikuwa na tatizo. Ila kwenye maonyesho yao Queen walipiga nyimbo zao, kisha wakapiga "All Right Now" ya Free, na msikilizaji akawa kama mtu aliyealikwa harusi mbili kwenye ukumbi mmoja. Rodgers alikuja na mikoba yake mwenyewe, imejaa. Hakuwa na mahali pa kuitua ile ya marehemu.

Kisha akaja Adam Lambert, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1982, ambaye May na Taylor walikutana naye jukwaani kwenye fainali ya American Idol mwaka 2009. Mwaka 2011 waliimba pamoja Belfast, na kuanzia 2012 wakaanza maonyesho kamili. Ushirika huo umedumu zaidi ya mwaka wowote ambao Rodgers angeuota. Lambert ana koo la kupanda ngazi zote za Freddie. Lakini siri yake, kwa maoni yangu, ni kwamba huwaambia watu waziwazi kuwa yeye si Freddie na hakuja kuwa Freddie. Amekuja kumkumbuka pamoja nao. Katikati ya onyesho Brian May hukaa na gitaa, akaanza "Love of My Life", na Freddie mwenyewe hutokea kwenye skrini akaimba naye. Yaani mrithi anampisha marehemu kwenye kiti chake, kisha anarudi.

Ni heshima kubwa, sikatai. Ila angalia na upande wa pili. Kwa miaka yote hiyo Queen na Lambert hawajatoa albamu ya nyimbo mpya za studio. Wamemfanya mlinzi mzuri wa hazina. Mlinzi halimi shamba jipya.

Linganisha na AC/DC, wale Waaustralia. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki tarehe 19 Februari 1980. Mwezi Julai mwaka huohuo walikuwa wameshatoa Back in Black, na mwimbaji mpya, Brian Johnson. Jalada jeusi, kengele ya msiba mwanzoni, na nyimbo zote mpya. Johnson hakuanza kwa kuvaa kanzu ya marehemu. Alianza na ubao mtupu. Albamu hiyo ikawa miongoni mwa zilizouzwa kuliko karibu zote katika historia ya roki.

Kwa hiyo dunia ya roki imetuonyesha njia mbili. Kuna mrithi wa kulinda nyimbo za zamani, na kuna mrithi wa kuleta nyimbo mpya. Sasa turudi nyumbani, maana sisi tulilijibu swali hili mapema kuliko wao.

Morogoro, mwaka 1965

Miaka 26 kabla ya msiba wa Queen, msiba wa aina hiyo uliingia Morogoro, mji kasoro bahari. Salum Abdallah Yazidu, aliyejulikana kwa herufi za jina lake, SAY, alikuwa ameanzisha kikundi chake mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa jina la La Paloma, na baadaye kikawa Cuban Marimba. Wapenzi wa zilipendwa hawahitaji kuelezwa. Zile sahani za santuri kutoka Kuba zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki ziliwapa vijana wa wakati ule mapigo ya rumba na cha-cha, nao wakayavika Kiswahili. SAY alikuwa hodari wao. Alirekodi Mombasa, santuri zake zikavuka mipaka, na ukitaja "Ngoma Iko Huku" mbele ya mzee yeyote aliyekuwa kijana siku za Uhuru, utaona mabega yake yanaanza kusogea.

Mwaka 1965 SAY alifariki kwa ajali ya gari. Alikuwa hajafika miaka 40. Bendi ilikuwa yeye: jina lake, utunzi wake, sauti yake. Na mji huohuo ulikuwa na wapinzani, Morogoro Jazz, ambao katikati ya miaka hiyo ya 1960 walimpata kijana mmoja wa gitaa aitwaye Mbaraka Mwinshehe. Yaani Cuban Marimba walifiwa wakati jirani yao anachaji betri. Kwa hesabu za kawaida, bendi ilitakiwa kuzikwa na mwenyewe.

Haikuzikwa. Uongozi ulichukuliwa na Juma Kilaza. Na Kilaza alifanya jambo ambalo naliona la kijasiri kuliko kupanda Wembley: alitunga. Alileta nyimbo zake, kwa sauti yake, bendi ikaingia miaka ya 1970 ikiwa hai, na Cuban Marimba ya Kilaza ikahifadhiwa kwenye kanda za Radio Tanzania kama ya SAY ilivyohifadhiwa kwenye santuri. Ukiwauliza wazee leo, wapo wanaosema "Cuban Marimba" wakimaanisha SAY, na wapo wanaosema hivyohivyo wakimaanisha Kilaza, kila mmoja kwa ujana wake. Mtu mwenye ujana mbili hawezi kuibiwa yote.

Kwa nini iliwezekana? Nadhani namna muziki wa dansi ulivyoendeshwa ilisaidia. Kwanza, bendi nyingi za zamani zilianza kama klabu, zenye wanachama na wapenzi wao, si kama kampuni ya mtu. Mtu alikuwa wa Cuban kama leo mtu alivyo wa Yanga au Simba. Na Yanga haifi mshambuliaji akivunjika. Pili, ukumbini watu walikuja kucheza, na walitaka wimbo mpya kila msimu, wimbo unaozungumzia jambo la mwaka huo. Bendi iliyokaa inarudia ya mwaka juzi ilipoteza watu hata kama mwimbaji wake yu hai. Tatu, sikiliza uimbaji wenyewe: beti nyingi za dansi huimbwa na waimbaji wawili au watatu kwa pamoja. Sauti ya kiongozi imefumwa ndani ya sauti za wenzake kama ukili ndani ya mkeka. Ukiuchomoa ukili mmoja, mkeka unaharibika, lakini bado unakalika.

Bendi ya mtu mmoja

Haikuwa hivyo kwa kila bendi, na mfano mchungu zaidi unatoka mji uleule. Mbaraka Mwinshehe, baada ya kuipandisha Morogoro Jazz mpaka ikafika Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 huko Osaka, aliondoka mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Huko alikuwa kila kitu: solo gitaa, utunzi, sauti, uongozi. Tarehe 12 Januari 1979 alifariki Mombasa kutokana na ajali ya gari. Super Volcano haikuweza tena kusimama kwa kimo kile. Hakuna aliyekosea. Mikoba ilikuwa imeshonewa mwilini mwa mtu, na mtu alipoondoka iliondoka naye.

Franco wa Kongo alikuwa hivyohivyo, tena kwa ukubwa zaidi. Alipofariki tarehe 12 Oktoba 1989, TPOK Jazz ilikuwa na waimbaji na watunzi ambao kila mmoja angeweza kuwa na bendi yake. Sauti hazikupungua. Kilichokosekana ni jibu la swali la nani mwenyewe: familia ya marehemu au wanamuziki? Walivutana, na baada ya miaka michache wengi wa wanamuziki walitoka wakaunda bendi nyingine chini ya Simaro Lutumba. Wakaiita Bana OK, maana yake kwa Kilingala ni watoto wa OK. Jina lenyewe ni shauri la mirathi. Walikosa nyumba, wakabaki na ukoo.

Bendi za kiti

Sasa tuzigeukie bendi ambazo zilikuwa na dawa ya tatizo hili. Baada ya Uhuru mashirika ya umma, jumuiya na hata vyombo vya ulinzi viliunda bendi zao. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika mwaka 1977 ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, na leo tunaiita Msondo Ngoma, Baba ya Muziki. Vyombo vilikuwa vya chama. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mwenye mshahara. Uimbaji ukawa kiti: huyu akiinuka, yule anakaa.

Na waliinuka kweli. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo, nguzo ya NUTA tangu mwanzo, aliondoka akaenda kuanzisha Mlimani Park. Mwaka 1985 akatoka Mlimani akaenda Orchestra Safari Sound. Baadaye akarudi kwa wazazi, pale Msondo. Hassan Bitchuka naye alihamahama kati ya Mlimani na JUWATA mpaka mashabiki wakazoea. Kwa hiyo bendi hizi zilifanya mazoezi ya msiba kila baada ya miaka michache. Zilijifunza kuimba bila fulani wakati fulani bado yu hai, yuko mtaa wa pili, anaimbia wapinzani. Vijana Jazz, bendi ya umoja wa vijana wa chama tawala, ilimpoteza Hemed Maneti mwaka 1990, ikaendelea kupiga. TX Moshi William, aliyekuwa sauti ya Msondo kwa kizazi kizima, alifariki mwezi Machi 2006, Msondo ikaendelea. Tarehe 13 Aprili 2014 akafariki Gurumo mwenyewe, mwaka ambao bendi ilikuwa inatimiza miaka 50. Msondo ikaendelea.

Ningeweza kuishia hapa nikasema: basi tazameni, sisi tulijua, Wazungu wajifunze. Lakini historia haina zawadi isiyo na bei.

Kiti kinachojazwa kirahisi hufundisha watu kwamba aliyekikalia hakuwa na thamani ya peke yake. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, redio pekee ya huku bara mpaka katikati ya miaka ya 1990, zikapigwa asubuhi mpaka usiku, zikatulea. Mtunzi alibaki na mshahara wake na jina lake. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA ni ya mwaka 1999, wakati nyingi ya sauti hizi zilikuwa zimeshazeeka au zimeshazikwa. Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya nusu karne ya kuimba, kijana Diamond Platnumz aliposikia kwamba mzee hana gari alimzawadia moja. Watu wengi walimsifu Diamond, na alistahili. Mimi nilibaki na swali jingine. Inakuwaje mtu ambaye nyimbo zake zimechezwa kwenye harusi na misiba ya taifa zima asubiri zawadi ya mjukuu?

Hapa ndipo Queen wanapotupita. Ile alama ya kujumlisha haimwekei Freddie heshima tu. Inamwekea pia hesabu. Sehemu yake katika nyimbo inajulikana, na kwa miaka mingi warithi wake walipata kila wimbo ulipopigwa. Kwao jibu la swali "nyimbo hizi ni za nani?" limeandikwa, limesainiwa. Kwetu jibu lilikuwa "ni zetu sote", maneno matamu sana mpaka utakapokutana na mjane wa mtunzi.

Sauti haiigwi, inapokelewa

Upo urithi wa namna nyingine ambao hauna uhusiano na bendi wala mkataba. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Aliyezibeba nyimbo zake mpaka karne hii ni Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mkongwe ambaye hata umri wake ulibishaniwa. Je, Bi Kidude aliimba kama Siti? Hata kidogo. Sauti yake ilikuwa kavu, imepitiwa na moshi, ina mchanga ndani yake. Aliimba za Siti kama mtu anayetumia sufuria la mama yake: sufuria ni la mama, chakula ni chake. Hakuna aliyemwambia anaharibu.

Huku kwetu Manyara tunalo jambo linalofanana na hilo. Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huisema na waliohudhuria wakaitikia. Mzee wa kuisema akifariki, husimama mwingine aliyekuwa miongoni mwa waitikiaji. Hatafutwi mwenye koo la marehemu. Anatafutwa aliyesikiliza vya kutosha. Nikiwaza juu ya Lambert, Kilaza na Johnson, naona kipimo kinachofaa ni hicho, kwa kuwa wote watatu, kila mmoja kwa njia yake, walijua kusikiliza kwanza.

Jambo hili si la makumbusho. Kwenye kumbi za hapa mjini, vijana wenye kinanda na spika mbili huajiriwa kupiga kopi za zilipendwa wikiendi. Nimewasikiliza wengi. Mteja anapomwita mwimbaji pembeni na kumwambia "imba kama Marijani", kijana hukunja koo, anabana pua, anatoa kitu ambacho si Marijani wala si yeye. Nilimuuliza mmoja wao ana nyimbo zake ngapi. Akaniambia anazo kumi na moja, kwenye daftari, lakini hajawahi kuombwa hata moja. Huyu ndiye mrithi tunayemwua kila Jumamosi kwa mapenzi yetu kwa marehemu.

Na sasa limeongezeka jambo jipya. Zipo programu za kompyuta zinazoweza kuchukua sauti ya mtu aliyekufa na kuimbisha maneno ambayo hakuwahi kuyaimba. Muda si mrefu mtu ataketi na simu yake na kumtoa Mbaraka akiimba wimbo wa juzi. Wengi watafurahi. Tatizo la sauti litakuwa limekwisha kabisa, na hapo ndipo tutakapoona kwamba halikuwa tatizo la sauti tangu mwanzo. Nani atalipwa? Nani ataulizwa ruhusa? Na yule kijana mwenye daftari lake atapewa kipaza sauti saa ngapi?

Tangu 2019 pana nyumba ya makumbusho ya Freddie kule Shangani, Unguja, na watalii hulipa kiingilio kuona picha za mtoto aliyeondoka akiwa kijana. Ni vizuri. SAY, Mbaraka, Maneti, TX Moshi na Gurumo nao wanastahili kuta na picha zao, na zaidi ya hapo wanastahili majina yao yaandikwe sawasawa kwenye kila kanda, na haki ifike kwa walioachwa. Tukishafanya hivyo, tutakuwa tumewapa marehemu chao. Kilichobaki ni cha walio hai, nacho ni kidogo tu: Jumamosi ijayo, kijana wa kinanda akimaliza kopi ya tatu, mwombe akuimbie wimbo wake.